Jembe na Katiba: Kilimo cha Migori na Homa Bay



Kuna swali ambalo kila mpigania mageuzi huulizwa afikapo kijijini: je, vyama vingi huliwa kwa mboga gani? Swali hili lisidharauliwe. Waliotutangulia walipigwa marungu na kutiwa korokoroni hadi Kifungu cha 2A kilipofutwa Disemba 1991. Wengine waliendelea kusukuma hadi tukapata Katiba mpya Agosti 2010. Ikiwa baada ya jasho lote hilo mkulima wa Nyatike au Rachuonyo bado hununua unga mwezi wa nne na kuuza mahindi kwa bei ya kutupa mwezi wa nane, basi ana haki ya kutuuliza. Nasi hatuna budi kumjibu.

Jibu letu ni hili. Maarifa ya kuifanya ardhi yetu izae bila kuiua tunayo. Sheria za kumlinda mkulima, nyingi pia tunazo. Kinachokosekana ni mamlaka ya mkulima mwenyewe kuyadai maarifa hayo na kuzitekelezesha sheria hizo. Kwa hiyo kilimo ni sehemu ya mageuzi, wala hakiwezi kungoja hadi siasa itakapomalizika.

Tuanze na maarifa. Pale Mbita, kaunti ya Homa Bay, kando ya ziwa, kuna kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya sayansi ya wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambaye kituo hicho kina jina lake. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa taasisi hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya hapa Kenya, walitafuta dawa ya maadui wawili wa mahindi na mtama: viwavi wanaotoboa mabua, na lile gugu la kiduha ambalo Waluo huliita kayongo.

Njia waliyoipata huitwa sukuma-vuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi. Kandokando ya shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo huwavuta nondo hao wakatage huko, na viwavi wengi hufia humo. Chini ya udongo, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya kayongo kuota, kisha huizuia kuushika mzizi wa mhindi, ikafa kwa njaa. Aidha, desmodiamu huongeza rutuba, huhifadhi unyevu na hulisha ng'ombe, na ng'ombe hurudisha samadi shambani. Hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa: haikuhitaji trekta wala sumu ya kunyunyizia.

Sasa tujiulize. Ikiwa dawa hii ilizaliwa mlangoni petu, kwa nini bado tunapita mashamba yaliyofunikwa na maua ya zambarau ya kayongo? Sababu zinajulikana. Mbegu ya desmodiamu si rahisi kupatikana, tena ni ghali kwa mkulima mdogo. Msimu wa kwanza hudai palizi la mikono mingi. Afisa wa kilimo wa nyanjani, ambaye zamani alimtembelea mkulima kwa baiskeli au pikipiki, amekuwa adimu. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kigeni, serikali ilibana ajira za umma na huduma hiyo ikadhoofika. Zaidi ya hayo, desmodiamu hukaa ardhini miaka kadhaa. Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hatajisumbua kuipanda. Mjane asiyejua kama mashemeji watamwacha shambani mwakani, naye hawezi kuwekeza katika udongo wa kesho. Hapa ndipo sayansi inapofika mlangoni pa sheria na kubisha hodi.

Tuvuke tuingie Migori. Kwa miaka mingi huko Kuria na sehemu za jirani tumbaku imekuwa zao la fedha. Mkulima hupewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha gharama zote hukatwa siku ya kuuza, na mnunuzi ndiye anayepanga daraja la jani na bei yake. Kuni za kukaushia majani zimekwangua miti ya vilima. Nikotini ya majani mabichi hupenya ngozi ya mvunaji na kumletea kichefuchefu na kizunguzungu.

Serikali ya Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, nao unazitaka nchi ziwasaidie wakulima wa tumbaku kupata njia nyingine ya riziki. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikiwa na wajibu wa namna hiyo hiyo. Lakini karatasi haioti shambani. Ilipofika mwaka 2022 ndipo mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani la afya, la kilimo na la chakula, pamoja na serikali, yalipokuwa yakiwasaidia mamia ya wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mbegu ilikuwa bora na yenye kukomaa upesi. Hata hivyo, somo kubwa zaidi lilikuwa soko: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa tayari kuyanunua maharagwe hayo. Mkulima alikuwa amefungwa na tumbaku kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mnunuzi wa hakika. Alipoonyeshwa mnunuzi mwingine, alihama. Nasi tunauliza: kwa nini shule, hospitali na magereza ya kaunti zetu yasiwe mnunuzi huyo wa hakika?

Katika maji, hali ni ile ile. Tumekaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani, na bado tunaitazama mbingu. Mradi wa Kimira-Oluch huko Homa Bay, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuyaelekeza maji ya mito ya Awach katika mashamba ya wakulima wadogo. Ni jambo jema. Lakini mfereji hujaa tope, na mlango wa maji hukatika. Panapokosekana umoja wa watumiaji maji wenye viongozi waliochaguliwa kwa haki na hesabu zilizo wazi, wa juu hunywesha na wa chini hukauka. Hata mfereji unahitaji demokrasia.

Wapendwa waumini, mnakijua kisa cha Yusufu kule Misri. Huhubiriwa mara nyingi kama mfano wa sera njema: wakati wa shibe aliweka akiba, wakati wa njaa akafungua maghala, na watu wakapona. Yote hayo ni kweli. Ila tusome mbele, hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Watu walitoa fedha zao wakapewa nafaka. Fedha zilipokwisha wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba yao na nafsi zao, na ardhi yote ya Misri, isipokuwa ya makuhani, ikawa mali ya Farao. Ghala lilijaa, njaa ikashindwa, na mkulima akawa mtumwa katika shamba la baba yake.

Hiyo ndiyo hatari tunayoiona mbele yetu. Utaalamu na sera vinaweza kuongeza magunia huku vikimnyang'anya mkulima mbegu, shamba na sauti yake. Itazameni Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea. Ilimtishia mkulima kifungo au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, kama nyanya zetu walivyofanya tangu hapo. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kumi na watano tu, ndugu zetu, wasio na cheo wala ngawira! Tena itazameni ruzuku. Mwaka 2024 baadhi ya wakulima nchini waliuziwa, kupitia mpango wa serikali, mbolea iliyobainika kuwa haifikii viwango. Mbolea ya msaada isiyo na msimamizi ni mchanga tu ndani ya gunia zuri.

Basi tufanye nini? Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Jedwali la Nne linaiweka kazi ya kilimo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo Nairobi pekee haitoshi kulaumiwa.

Kwanza, tuzijue tarehe. Kufikia 1 Septemba kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo. Kufikia 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Kila kundi letu lichague watu wawili watakaoyasoma makaratasi hayo na kuuliza: maafisa wa kilimo ni wangapi katika wadi yetu? Fungu la kilimo ni asilimia ngapi? Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti za nchi zao. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa.

Pili, makanisa yana viwanja, kumbi na imani ya watu. Kila parokia inayoweza itenge kipande cha ardhi kiwe shamba la mfano la sukuma-vuta na chanzo cha mbegu za desmodiamu kwa jirani. Ghala la kanisa liwaokoe wakulima na dalali wa mwezi wa nane.

Tatu, mawakili tulioko humu tujitolee kuwasaidia wajane na mabinti kuandikishwa katika hati za ardhi. Mwenye shamba lake hupanda cha miaka kumi. Mwenye wasiwasi hupanda cha miezi mitatu.

Nne, tumkatae mwanasiasa anayeleta gunia la mbolea usiku wa kuamkia kura. Gunia hilo huisha kwa msimu mmoja, na kura haimrudii mwenyewe mpaka miaka mitano.

Waliotutangulia walidai haki ya kuchagua chama. Zamu yetu ni kudai haki ya kuchagua mbegu, soko na matumizi ya kodi zetu. Mtu akituuliza tena kwamba vyama vingi huliwa kwa mboga gani, tumwonyeshe shamba, tena tumwonyeshe na hati yake.