Gari la Zamani Likigoma Kuwaka

Leo tunazungumzia gari la zamani la petroli linalogoma kuwaka. Kabla ya kumwita fundi, washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukisikiliza.

Taa zikififia na stata ikilia "tik-tik", shuku betri. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limezimwa, husoma takriban volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji. Tazama pia vichwa vyake, maana ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya magadi, kausha, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho. Usiwashe sigara hapo: betri hutoa gesi inayolipuka.

Taa zikibaki kali na stata kimya, kagua fyuzi, waya na stata yenyewe. Gari la otomatiki liwe kwenye P au N.

Injini ikizunguka vizuri lakini haiwaki, mara nyingi kinachokosekana ni mafuta au cheche. Kagua tangi, chujio, pampu, plagi na koili. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, utaiunguza.

Wiki ijayo, breki.