Mzigo wa Ofisi ni wa Mwenye Ofisi



Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watuhumiwa walikuwa wamefia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na kwa jirani zetu wa Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, wala hakuagiza. Hata hivyo alijiuzulu. Akaenda kuwa balozi nchini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Msidhani alipoondoka alijua hayo yatakuja!

Sisi, fedha za kisima zikipungua, husema haraka: “Muulizeni mhazini.” Lakini hundi ilisainiwa na nani? Kikao kijacho, naomba mwenyekiti asimame mwenyewe awasomee waumini na wafadhili hesabu, pamoja na pale ilipopungua.