TUCHEKE, LAKINI TUSIDANGANYE

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, mada niliyopewa ni vichekesho na vioja vya kwenye intaneti. Najua kuna mzee wetu atakayefungua ukurasa huu na kusema, "Yaani mwezi mtukufu huu ndio wa kuzungumza vichekesho?" Naam mzee wangu, ndio huu hasa. Funga ni ya tumbo na ya ulimi, na siku hizi ulimi umehamia kwenye kidole gumba. Hata kaimati hazijaisha sahanini, simu ishashikwa, na picha na visa vinaanza kuruka kutoka kundi hili la WhatsApp hadi lile.

Kwanza tuondoe shaka: kucheka si haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alitania. Kuna mtu alimwendea kuomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamuuliza, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Na kuna bibi mzee aliyeomba aombewe Pepo, akaambiwa kwamba Peponi vikongwe hawaingii. Bibi akaondoka analia, ndipo Mtume akaagiza aelezwe kwamba ataingia hali amerudishwa kuwa kijana. Hebu fikiria furaha ya bibi yule!

Sasa angalia kwa makini. Mizaha yote miwili ni kweli tupu. Maswahaba walipomuuliza mbona anawatania, aliwajibu kwamba hasemi ila haki. Hicho ndicho kipimo chetu. Na upande wa pili ametuonya vikali juu ya mtu anayesema uongo ili watu wacheke. Basi swali langu kwako leo ni hili: ikiwa uongo wa kuchekesha una onyo kali namna hiyo, je, uongo wa kuwatia watu imani?

Maana huo ndio umejaa kwenye simu zetu. Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni ile picha ya mifupa ya jitu kubwa, na mchimbaji kando yake anaonekana kama sisimizi. Kuanzia mwaka 2004 ilizunguka ulimwengu mzima ikiambiwa ni mtu wa kaumu ya Aad, amefukuliwa Saudi Arabia. Ukweli ni kwamba iliundwa kwa kompyuta mwaka 2002, kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha kwenye tovuti ya Worth1000. Picha ya asili ilikuwa ya uchimbaji wa mifupa ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo, huko Hyde Park, jimbo la New York, mwaka 2000. Aliyeiunda hakumdanganya mtu, alikuwa mashindanoni. Waliodanganya ni wale walioiongezea maneno.

Wa pili ni kisa cha msichana wa Oman aliyegeuzwa mnyama ati kwa kuukosea heshima Msahafu. Sisi watu wa pwani tuna jamaa zetu Maskati, kwa hiyo kisa kile kilitushika barabara. Lakini yule "msichana" ni sanamu! Ni kazi ya msanii wa Australia, Patricia Piccinini, ya mwaka 2003, imetengenezwa kwa silikoni. Mtu kakata kipande cha picha ya maonyesho ya sanaa, akakitungia kisa, na akina mama wakalia.

Wa tatu ndio mkongwe wao. Ni ile barua ya Sheikh Ahmed, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, aliyeota kwamba Kiama kimekaribia, na anayeipokea aisambaze la sivyo atakiona. Usidhani imeletwa na WhatsApp. Mwaka 1908 barua ya namna hiyo hiyo ilitokea Lindi na kuenea hadi miji mingine ya Tanganyika, wakati vita vya Majimaji ndio vimekwisha tu. Wajerumani wakaingiwa na hofu, wakaona ni uchochezi. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliiandikia risala kuikanusha. Babu zetu waliinakili kwa kalamu ya wino, sisi tunabonyeza mara moja tu. Barua ni ile ile.

Utasema, "Lakini ndugu, nia ni njema, watu wanazidi imani." Hapo ndipo pana hatari. Mchukue kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, imani yake kaitundika kwenye picha ya lile jitu. Siku moja mwenzake wa chumba anamfungulia asili ya picha. Dakika mbili tu! Kijana anabaki kimya, halafu anajiuliza moyoni: ikiwa hili ni uongo, na yale mengine niliyoambiwa je? Qur'ani imeshataja habari za Aad na haikuhitaji picha yetu. Sisi ndio tulioweka ngazi mbovu kwenye nyumba iliyo imara, mtu akianguka analaumu nyumba.

Je, tuache kuchekeshana? La hasha! Kicheko cha kweli kina kazi kubwa. Mwaka 2007 televisheni ya CBC ya Canada ilianza kuonyesha Little Mosque on the Prairie, iliyobuniwa na dada wa Kiislamu, Zarqa Nawaz, ikaendelea hadi 2012. Katika kipindi cha kwanza imamu kijana anazungumza na mamake kwa simu akiwa uwanja wa ndege. Anataja neno bomu na neno kujiua, naye anazungumzia tu habari za kubadilisha kazi. Basi, akakamatwa! Watu walicheka, na waliocheka walielewa jambo ambalo hotuba kumi zisingewaelewesha.

Na hapa kwetu visa vya kweli havihitaji kuongezwa chumvi. Kuna yule anayeswali rakaa nane mbio mbio, mguu mmoja uko kwenye saffu na mwingine uko kwa muuza viazi karai. Kuna kandambili zinazoingia msikitini mpya na kutoka nzee. Kuna mjadala wa mwezi kila mwaka, nyumba moja baba amefunga na mwana yuko Idi. Tujicheke, manake ndio sisi. Ila tujue mpaka: tunacheka tabia zetu, hatuichezei dini yenyewe, wala hatumdhihaki mtu. Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana, na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua.

Basi msomaji wangu, kabla ya kubonyeza, jiulize: Ni kweli? Nimeitafuta asili yake? Aliyetajwa humu akiisoma, atacheka nami au atalia? Ukikosa jibu, iache ifie mkononi mwako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa uongo mtu kusimulia kila anachokisikia. Na ukiletewa na shangazi yako picha ya lile jitu, usimuaibishe mbele ya kundi zima. Mpigie simu, umsalimie, umuulize swaumu inaendaje, kisha umweleze taratibu.

Allah azikubali funga zetu, azilinde ndimi zetu na vidole vyetu, na atujaalie nyuso za bashasha zinazosema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.