Bahasha Imeandikwa 1x2

Mmeshasikia, wasikilizaji. Tangu tarehe 18 hadi 24 Novemba ni wiki ya dunia ya kukumbushana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na tumeambiwa tena: usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, usikatize dozi. Ni kweli tupu. Ila namna ya kuimeza hiyo dozi, nani kaisema?

Tazama bahasha uliyopewa kwenye duka la dawa. Imeandikwa 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Basi. Hakuna neno maji, hakuna neno usilale.

Kijana anarudi kazini saa tano usiku, hoi. Anameza kapsuli ya doksisaiklini kwa funda la chai iliyobaki kikombeni, anajitupa kitandani. Kapsuli inanasa kwenye umio, katikati ya kifua, pale mshipa mkuu wa damu unapoubana. Inayeyukia papo hapo, na doksisaiklini ikiyeyuka huwa na tindikali kali. Alfajiri kifua kinawaka, hata mate hayapiti. Anadhani ni moyo. Jirani anamwambia ni vidonda vya tumbo. Ananunua diklofenaki atulize maumivu, na hiyo nayo ni katika dawa zinazounguza umio.

Bahasha ya pili nayo imeandikwa 1x2.

Tena si hizo tu. Ipo aspirini, ipo ibuprofeni, vipo vidonge vya potasiamu, ipo alendroneti ya mifupa, na vipo vidonge vya kuongeza damu, ambavyo mama wajawazito wengine humeza wakati wa kulala ili wakwepe kichefuchefu.

Wengi hupona baada ya siku au wiki chache, dawa ikibadilishwa. Lakini wapo wanaotapika damu. Wapo ambao umio hubaki na kovu, ukawa mwembamba, chakula kikawa hakipiti. Yote hayo kwa kukosa maji ya kunywa!

Glasi nzima, wasikilizaji. Si funda, si mate, glasi nzima. Meza ukiwa umekaa wima au umesimama, na usilale kwa nusu saa au zaidi. Bibi aliye mgonjwa kitandani asimezeshwe chali. Muinueni kwanza, anywe maji, akae.

Ndugu muuza dawa, kalamu unayo mkononi. Ukishaandika 1x2, ongeza: maji glasi nzima, usilale. Wakaguzi, mnapokagua vibali vilivyotundikwa ukutani, kagueni na bahasha! Na wewe unayeumwa kifua tangu umeze dawa, usiongeze kidonge kingine kwa kubahatisha. Nenda kwa daktari leo, mwambie umemeza nini, saa ngapi, na kwa maji kiasi gani. Ukitapika damu au mate yakashindwa kupita, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.