MANENO YA KATIBU KIKAONI: KUAGIZA VITENGE NJE

Kwa ambao hamkufika kikaoni Jumapili, tuliyosema ni haya.

Kikundi chetu kiliagiza vitenge Guangzhou. Mzigo ulifika Dar es Salaam, fedha ya kuutoa bandarini ikapungua. Tukakopa, siku zikaenda, gharama za kuhifadhi zikapanda, faida yote ikaishia huko. Kosa ni letu: tulihesabu bei ya China peke yake.

Jifunzeni kwetu. Mzigo wa shilingi 1,000,000, ukiongeza nauli na bima 200,000, forodha wanauhesabu 1,200,000. Ushuru unatozwa juu ya hapo, kisha VAT asilimia 18 juu ya kiasi hicho pamoja na ushuru wenyewe. Bado wakala, bado gari la kufikisha Kariakoo.

Kabla ya kutuma hata senti, mwombeni wakala wa forodha mwenye leseni awaandikie gharama zote. Agizeni sampuli kwanza, mfue, muone kama rangi inachuja.

Daftari letu la hesabu, na hasara yake, liko wazi. Alhamisi saa 10 jioni tukutane ofisini tulipitie pamoja.

Katibu wa Tawi