Meli Chache, Bahari Kubwa
Hotuba kwa wakazi wa Shanzu



Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa Desemba 1964. Makao yake ni Mtongwe, Likoni, na lina kituo kingine Manda, Lamu. KNS Nyayo na KNS Umoja ziliundwa Uingereza miaka ya 1980, kisha zikakarabatiwa Italia. KNS Shujaa na KNS Shupavu zilitoka Uhispania mwaka 1997, na KNS Jasiri ikafika kutoka huko huko mwaka 2012. KNS Galana na KNS Tana ni za kubeba askari na mizigo.

Meli hizi na boti ndogo zinalinda bahari hadi maili 200 kutoka ufukweni. Moja ikiingia matengenezo, pengo huonekana. Ndiyo maana nguvu ya jeshi haihesabiwi kwa meli tu, bali pia kwa mafundi, vipuri na mabaharia. Mwaka 2012 jeshi hili lilishusha askari Kismayu kutoka baharini.

Tangu 2018, uvuvi haramu, magendo na uokoaji ni kazi ya Walinzi wa Pwani. Nao pia hawawezi kuwa kila mahali. Basi mvuvi, kabla hujavuka mwamba, iachie BMU habari: unakwenda wapi, na nani, utarudi lini. Vaa jaketi la kuokolea. Hakuna meli itakayomtafuta mtu ambaye hakuna ajuaye kwamba ametoka.