Samaki wa Madimbwi Yetu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Mikumi)



Nimeombwa niseme juu ya kufuga samaki nyumbani, kazi yangu ya jioni nikitoka ofisini. Ulaya na Marekani wako wanaofuga hata matumbawe sebuleni. Hayo hutaka maji ya chumvi, taa kali na umeme usiokatika. Sisi tuanze na kilicho karibu.

Hapa wilayani Kilosa, upande wa Kimamba, yuko samaki mdogo ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1977 kwa jina la Nothobranchius steinforti. Huishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka hufa, lakini mayai yake hukaa hai topeni mpaka mvua irudi. Wafugaji wa ng'ambo huyaweka mayai hayo katika udongo wenye unyevu kwa miezi, kisha huyatia maji yakaanguliwa.

Kanuni za tangi ni chache. Usijaze samaki. Lisha kidogo. Kila wiki badili sehemu ya maji, si yote. Usioshe mchanga wote, maana vijidudu vilivyomo ndivyo vinavyopunguza sumu ya kinyesi.

Lakini dimbwi likifukiwa, mvua itarudi bure. Ni aibu samaki wa kwetu abaki katika vioo vya ugenini tu. Vijana, yajueni madimbwi yenu, na myatetee.